Kunyamazisha Jeni si Kuifuta

Swali ni lile lile: jeni ya mtu ikishanyamazishwa, itarudishwa kwa njia gani? Limekuwa likiulizwa mjini Goma tangu chanjo ya Ebola ilipoanza kutolewa Kivu ya Kaskazini mwezi Agosti 2018, likaulizwa tena chanjo za Covid-19 zilipofika, likafufuka Oktoba 2024 chanjo ya mpox ilipozinduliwa mjini humo. Wanaoliuliza ni pamoja na watu waliosoma, walimu, wauguzi na wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao wamesikia kwamba maabarani kuna vipande vya RNA vinavyozima jeni, nao wakaiunganisha habari hiyo na sindano. Swali hilo halina jibu, kwa sababu linauliza marejeo ya kitu ambacho hakikuondoka. Nyuma yake imejificha imani nzito zaidi, kwamba RNA ya kuzima jeni ilitiwa ndani ya chanjo ili kuwakata watu uzazi, na imani hiyo ndiyo inayostahili kuvunjwa kwa urefu, maana madhara yake hayaishii darasani.

Kwanza kitu chenyewe. RNA fupi za kuingilia kati, ambazo vitabuni huandikwa siRNA, ni vipande vyenye nyuzi mbili zilizoshikana, kila uzi ukiwa na nyukleotidi 21 hivi, yaani herufi 21 za lugha ya urithi. Kipande hicho kikishaingia ndani ya seli hupokewa na kundi la protini ambalo kiungo chake kikuu huitwa Agonauti; uzi mmoja hutupwa, wa pili hubakizwa uwe kielekezi. Kielekezi hutafuta RNA mjumbe, yaani nakala ya muda inayotolewa kwenye jeni ili isomwe na protini iundwe, na kikikutana na nakala ambayo herufi zake zinaoana na zake, Agonauti huikata nakala hiyo vipande viwili. Nakala iliyokatwa haisomeki tena, na protini iliyotarajiwa haiundwi. Jeni yenyewe imo katika DNA, ndani ya kiini cha seli, nzima kama ilivyokuwa, na inaendelea kutoa nakala nyingine. Agizo la daktari likichanwa kabla halijafika duka la dawa, mgonjwa hukosa dawa siku hiyo, lakini daktari yupo na kalamu yake, na kesho ataandika jingine.

Utaratibu huu haukubuniwa kiwandani. Andrew Fire na Craig Mello waliueleza mwaka 1998 baada ya kuutazama katika mnyoo mdogo wa udongo, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2006. Mwaka 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe walionyesha nchini Uingereza kwamba mimea hutengeneza vipande vifupi vya namna hiyo inapopambana na virusi. Na mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl nchini Ujerumani lilithibitisha kwamba vipande vya herufi 21 vilivyoundwa kwa kemia, vikiingizwa katika seli za binadamu zilizokuzwa maabarani, huzima jeni iliyolengwa bila kuichokoza kinga ya seli kama RNA ndefu za nyuzi mbili zinavyoichokoza. Tangu hapo siRNA imekuwa chombo cha kila siku cha mtafiti anayetaka kujua jeni fulani inafanya kazi gani: huizima, kisha hutazama ni nini kimeharibika au kimebadilika katika seli.

Je, huzimika kwa muda gani? Katika seli zinazogawanyika, nakala za jeni iliyolengwa hupungua sana kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha, kwa kuwa kila mgawanyiko huzigawa siRNA chache zilizobaki kwa seli mbili, jeni hurudia kazi yake baada ya siku 5 hadi 7. Hairudishwi na mtu, inarudi yenyewe. Tabu ya mtafiti ni kinyume cha tabu anayoiogopa muulizaji, kwa sababu yeye hupigana na saa ili amalize vipimo vyake kabla jeni haijaamka.

Sasa imani yenyewe. Anayeshikilia kwamba chanjo ilibeba siRNA ya kukata uzazi analazimika kukubali mambo manne kwa pamoja: kwamba siRNA ilikuwemo ndani ya kichupa, kwamba ikidungwa begani inaweza kufika kwenye viungo vya uzazi, kwamba ikishafika huzima kitu cha kudumu, na kwamba matokeo yake yameonekana. Hakuna hata moja linalosimama.

Yaliyomo ndani ya vichupa yanajulikana. Chanjo iliyoanza kutolewa Mangina na Beni mwaka 2018, iitwayo Ervebo, ni kirusi hai cha ugonjwa wa malengelenge ya mdomo unaowapata ng'ombe na farasi, ambacho kimevuliwa protini yake ya nje na kuvishwa ya Ebola, ili mwili uitambue sura ya adui bila kukutana naye. Chanjo ya pili ilitolewa Goma kwenyewe kuanzia tarehe 14 Novemba 2019, katika maeneo ya afya ya Majengo na Kahembe, kwa dozi mbili zilizotenganishwa na siku 56: dozi ya kwanza ilibebwa na adenovirusi iliyonyimwa uwezo wa kuzaliana, ya pili ikabebwa na kirusi cha ukoo wa ndui ambacho hakizaliani katika seli za binadamu. Chanjo ya mpox ya mwaka 2024 ni ya ukoo huohuo wa ndui. Chanjo za Covid-19 za Pfizer na Moderna ndizo zilizoundwa kwa RNA isiyo ndani ya kirusi, na hiyo ni RNA mjumbe, ambayo kazi yake ni kupeleka ujumbe ili protini iundwe, ilhali siRNA huharibu ujumbe ili protini isiundwe. Kuzichanganya mbili hizi kwa sababu tu majina yake yanafanana ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hasamehewi, na mtu mzima anayelisambaza kwenye simu za majirani zake hapaswi kusamehewa pia.

Tuseme hata hivyo kwamba mtu mwenye nia mbaya angeitia siRNA katika kichupa. Angefika wapi? Hapa ndipo waenezaji wa uvumi wanapowadanganya wenzao zaidi, maana wanazungumza kana kwamba RNA hutembea mwilini ipendavyo, huku tasnia nzima ya dawa ikiwa imehangaika kwa miaka 17 kuifikisha katika kiungo kimoja tu. Damu imejaa vimeng'enya vinavyoikata RNA. SiRNA tupu ikidungwa mshipani, figo huichuja na kuitoa kwenye mkojo ndani ya dakika chache, kwa sababu ni ndogo mno. Na ile itakayonusurika hukutana na utando wa seli, ambao ni wa mafuta, nayo ina chaji nyingi hasi, kwa hiyo haipenyi. Ikifungwa ndani ya chembe ndogo za mafuta, seli huimeza chembe nzima na kuiweka katika kijifuko cha ndani, na vipimo vilivyofanywa katika ini la panya vimeonyesha kwamba kati ya siRNA zilizomezwa hivyo ni asilimia 1 hadi 2 tu zinazotoroka kijifuko na kufika mahali pa kazi. Dawa ya kwanza ya siRNA, patisirani, ya ugonjwa adimu wa kurithi unaoharibu neva, iliidhinishwa Marekani Agosti 2018, mwezi uleule Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini. Dawa hiyo hulenga ini, kwa kuwa ini ndilo linaloziokota chembe za mafuta kutoka kwenye damu, nayo hudungwa mshipani kila baada ya wiki tatu maisha yote ya mgonjwa. Inklisirani, ya kushusha kolesteroli, ambayo kemia yake imeimarishwa ili idumu zaidi, hulenga ini vilevile, na mgonjwa hurudi kudungwa mara mbili kwa mwaka. Makampuni yenye mabilioni ya dola hayajaweza kuifanya siRNA idumu bila kurudiwa, ila waenezaji wa uvumi wanaamini kwamba sindano moja ya begani imeweza.

Jambo la tatu ni jeni ya uzazi. Hakuna swichi moja ya uzazi katika mwili wa binadamu. Mayai na mbegu huundwa na mamia ya jeni zinazofanya kazi kwa zamu, na hata moja muhimu ikizimwa kwa wiki mbili, ingeamka tena, kama ilivyoelezwa, maana DNA haikuguswa. Kuhusu matokeo, ushahidi upo karibu kuliko wanavyodhani wasomaji wa Goma. Mwanzoni wajawazito hawakuruhusiwa kupata Ervebo, kwa tahadhari ya kawaida inayochukuliwa na madaktari kila mahali juu ya chanjo yenye kirusi hai, na ikawa rahisi kuigeuza tahadhari hiyo kuwa ushahidi wa njama. Mwezi Juni 2019 masharti yalilegezwa, wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza na mama wanaonyonyesha wakaruhusiwa. Katika utafiti wa Majengo na Kahembe, ambako watu zaidi ya 20,000 walichanjwa, wajawazito waliruhusiwa kushiriki, na mimba za wanawake waliochanjwa zikafuatiliwa. Mji ulioambiwa kwamba utakatwa uzazi ulikuwa na mimba za kufuatilia.

Uvumi huu umeua. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018, ukiwahoji watu wazima 961, ulikuta kwamba karibu robo yao hawakuamini kwamba Ebola ipo, na walioamini habari potofu walikuwa wagumu zaidi kukubali chanjo na matibabu. Mlipuko huo ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Goma, iliyopata mgonjwa wake wa kwanza tarehe 14 Julai 2019, iliishia na wagonjwa wanne, kwa sababu watu waliokutana nao walitafutwa na kuchanjwa haraka.

Kuna toleo la mezani la imani hiyohiyo, nalo linahusu muhogo. Nchini Uganda na Kenya, watafiti wa taasisi za utafiti wa kilimo za NaCRRI na KALRO wakishirikiana na Kituo cha Donald Danforth cha Marekani wametengeneza muhogo unaotumia unyamazishaji wa RNA kujikinga na virusi vya michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi ardhini huku majani yakionekana yana afya, na ambao umekwisha kuthibitishwa mashariki mwa Kongo. Muhogo huo, uliopewa namba 4046, uliruhusiwa kupandwa na mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya mnamo Juni 2021. Mara ikaanza hofu kwamba atakayekula bugali au sombe yake atanyamazishwa jeni zake. Wenye hofu hiyo hawajui wanachokula tangu utotoni. Mmea wa muhogo uliopatwa na batobato, ule ambao majani yake hujikunja na kuwa na madoa ya manjano, hujitetea kwa kutengeneza siRNA kwa wingi dhidi ya kirusi, na kwa kuwa batobato imeenea katika mashamba ya Masisi na Rutshuru kwa vizazi, sombe iliyojaa siRNA imepikwa Kivu kabla mtu yeyote hajalijua jina la kitu hicho. Mate, asidi ya tumbo na vimeng'enya vya utumbo huivunja RNA yote ya chakula, iwe ya muhogo, ya maharagwe au ya nyama, kuwa vipande visivyo na ujumbe. Ni kweli kwamba mwaka 2012 jarida moja la kisayansi lilichapisha dai la watafiti wa China kwamba RNA fupi ya mchele huonekana katika damu ya mlaji na kuathiri ini lake. Maabara nyingine zilipojaribu kulithibitisha dai hilo hazikufaulu, na wanaolinukuu hadi leo huacha kuitaja sehemu hiyo ya pili.

Baada ya kusema hayo, inafaa msomaji ajue kwamba siRNA na Ebola zimekutana kweli, ila kwa njia iliyo kinyume cha uvumi: siRNA ilitengenezwa ili kuzizima jeni za kirusi, na mgonjwa hakulengwa jeni yake hata moja. Ebola inafaa kulengwa hivyo kwa sababu urithi wake wenyewe ni RNA, yenye herufi karibu 19,000 na jeni saba tu. Watafiti wakiongozwa na Thomas Geisbert, pamoja na kampuni ya Tekmira ya Kanada, walichagua jeni tatu: ile ya kimeng'enya kinachonakili kirusi, iitwayo L, na mbili, VP24 na VP35, ambazo kirusi hutumia kuipofusha kinga ya mwili. Mwaka 2010 walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyostaajabisha. Kima aina ya rhesus waliambukizwa kirusi kilichotoka katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, kisha wakatibiwa kwa mchanganyiko wa siRNA hizo ndani ya chembe za mafuta. Kati ya watatu waliopewa dozi nne walipona wawili, na wanne waliopewa dozi saba walipona wote, katika ugonjwa ambao humuua karibu kila kima asiyetibiwa.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii, na ndiyo maana inasimuliwa vibaya. Kima wale walipata dozi ya kwanza dakika 30 baada ya kuambukizwa. Hakuna mgonjwa wa Katwa wala wa Mabalako, huko Kivu ya Kaskazini, aliyewahi kufika kituoni dakika 30 baada ya kuambukizwa. Mgonjwa hufika baada ya siku kadhaa za homa, mara nyingi baada ya kupitia kwenye zahanati mbili au tatu, akiwa na virusi tele katika kila mililita ya damu. Tena ulipozuka mlipuko wa Afrika Magharibi mwaka 2014, kirusi chake, kilichopewa jina la Makona, kilikuwa kimebadilika herufi chache katika sehemu zilezile zilizolengwa, na kwa kuwa siRNA hufuata herufi, ilibidi dawa iandikwe upya. Toleo jipya liliwaponya kima wote watatu waliotibiwa kuanzia saa 72 baada ya kuambukizwa, likapelekwa Port Loko, Sierra Leone, kati ya Machi na Juni 2015. Wagonjwa 14 waliipata. Wawili walifariki ndani ya saa 48 tangu kulazwa na hawakuhesabiwa katika matokeo makuu. Kati ya 12 waliobaki, tisa walifariki na watatu wakapona. Jaribio likasimamishwa kwa kuwa halikuonyesha dalili ya kufaa.

Kivu ya Kaskazini ilipopata zamu yake, siRNA haikuwemo katika orodha. Jaribio lililoitwa PALM, lililoanza Novemba 2018 na kuongozwa kwa upande wa Kongo na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa kibayolojia na tiba, lililinganisha dawa nne katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, likasimamishwa kabla ya muda wake Agosti 2019 kwa sababu mbili zilikuwa zimeshinda waziwazi: kingamwili iitwayo mAb114, ambayo waliopewa walifariki asilimia 35 hivi, na mchanganyiko wa kingamwili REGN-EB3, asilimia 33 hivi, wakati waliopewa dawa ya kulinganishia, ZMapp, walifariki karibu nusu. Kingamwili ya mAb114 ilitokana na damu ya Mkongo aliyenusurika Ebola ya Kikwit. Mlipuko mmoja wa mwaka 1995 uliipa dunia kirusi ambacho siRNA ilijaribiwa nacho na pia tiba iliyofaulu pale siRNA iliposhindwa.

Kushindwa huko hakuiondolei siRNA thamani yake maabarani, ambako mtafiti mwenyewe huchagua saa ya kuanza na huifikisha kwenye seli zilizo chini ya bomba lake. Huko hatari ni nyingine, nayo ni kujidanganya. Kielekezi cha herufi 21 huweza kuzima jeni ambazo hazikukusudiwa, kwa kuwa herufi zake, ya pili hadi ya nane, zikilingana na nakala nyingine yoyote, nakala hiyo nayo huathirika. Jambo hili limejulikana tangu 2003, na bado tasnifu zinaandikwa kana kwamba halijagunduliwa. Kuna na ujanja wa kinga: seli zikihisi RNA ya kigeni huweza kutoa interferoni, protini zinazozuia virusi vya kila aina, na hapo mtafiti anayeona virusi vimepungua hudhani siRNA yake imelenga sawasawa, kumbe vingepungua hata kama angetumia mfuatano usio na maana. Mwaka 2008 watafiti nchini Kanada walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mafanikio yaliyokuwa yakitajwa dhidi ya homa ya mafua katika panya yalitokana na interferoni. Kosa la tatu ni kupima nakala za RNA pekee na kutangaza ushindi, wakati protini iliyoundwa kabla ya jaribio inaweza kuishi ndani ya seli siku nyingi na kuendelea na kazi kama kawaida.

Kwa anayetaka kuifanya kazi hii akiwa Goma, mambo ya lazima ni machache na hayana mjadala. Atumie angalau siRNA mbili zenye mifuatano tofauti kwa jeni moja, na zikitoa majibu yanayopingana aache. Aweke kidhibiti chenye mfuatano usiolenga jeni yoyote, na seli zisizotiwa kitu. Atumie kiwango cha chini kabisa kinachozima jeni. Apime RNA na protini pia. Na akiweza, airudishie seli nakala ya jeni iliyobadilishwa herufi ili siRNA isiikate, kwani athari ikitoweka hapo ndipo atakapokuwa na haki ya kusema jeni ileile ndiyo iliyohusika. Anayetaka kuizima jeni kwa majuma atumie RNA fupi yenye umbo la pini ya nywele inayotengenezwa na seli yenyewe, na anayetaka kuifuta kabisa atumie CRISPR, mkasi wa DNA, asiitafute kazi hiyo katika siRNA. siRNA iliyokaushwa huvumilia safari ya majuma bila barafu, lakini seli hazivumilii: zinahitaji kabati la nyuzi 37 lenye asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi usiku na mchana, na mji ambao mwishoni mwa Januari 2025 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilionya hadharani juu ya usalama wa sampuli zilizomo katika maabara ya INRB wakati wa mapigano si mahali pa kuanzia kazi hiyo bila jenereta na bila mpango wa kuhamisha seli. Asiye na kabati hilo aombe nafasi INRB Kinshasa au kituo cha utafiti cha BecA-ILRI jijini Nairobi, ambacho huwapokea watafiti wa ukanda huu; au abadili mada na kuuzima urithi wa virusi katika mimea, ambako bustani iliyofunikwa kwa wavu hutosha kwa hatua nyingi.

Kwa raia asiye mtafiti, anapoitwa kuchanjwa ana haki ya kuuliza jina la chanjo, imebebwa na kitu gani, madhara yake ya kawaida ni yapi na aende wapi akiyapata. Muuguzi wa zona ya afya anayajibu maswali hayo, na akishindwa amwite msimamizi wake. Habari ya kuzimwa kwa jeni za uzazi isiulizwe tena.

Na kwa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Goma na vya jirani: tasnifu inayosimama juu ya siRNA moja, isiyo na kidhibiti na isiyopima protini, irudishwe kwa mwandishi kabla haijafika mbele ya jopo.